Verlin na Kulungu wa Plastiki

Nadine shoga yangu uko wapi, leo nimeumbuka mimi!!

Si unajua Alhamisi kanisani tunavyowaombea mahabusu? Mmoja wetu anafungua ukurasa wa jela ya kaunti kwenye simu, anasoma jina na kosa, wengine tunaitikia amina. Leo zamu ilikuwa yangu.

Nikasoma mlevi mmoja, amina. Mgomvi mmoja, amina. Nikaendelea tu, “Tumwombee na Verlin Tackett, aliyempiga risasi kulungu wa plastiki…”

VERLIN. Mume wangu, Nadine! Na picha yake hiyo hapo, kavaa sweta nililomfumia Krismasi!

Wakaitikia AMINA. Kwa sauti!! Mama mkwe akasimama, mikono juu: “Bwana, huyu ni mwanangu. Akili ulizomnyima utotoni, mpe leo!”

Nikatoka mbio hadi jela. “Verlin, si uliniaga unakwenda kumtengenezea kaka yako bomba?”

Kumbe askari wa wanyamapori walimsimamisha yule kulungu kando ya barabara, mkia wanautikisa kwa rimoti, kuwanasa wanaowinda wakiwa garini. Na jinga langu likajipeleka.

“Twyla, alikuwa anatikisa mkia!”

“Ulimpiga ngapi?”

“Nne.”

“Akaanguka?”

“Hapana. Nikajua huyu ni dume kweli.”

DUME KWELI, Nadine. Wa plastiki!!

Halafu akaniinamia kwenye kioo kilichotutenganisha, ananong’ona: “Mke wangu, nani mwingine anajua?”

Nikamwambia, “Mungu. Mama yako ndiye aliyemwambia.”