Alichoambiwa Klara

Jumanne

Bado naona wivu, na aibu pia. Klara, mwanafunzi mwenzangu kutoka Ujerumani, ana wiki tatu tu hapa Mbinga. Leo tulikuwa tunakusanya historia ya mtaa wetu, akamuuliza Baba kwa nini alihamia mjini.

"Mwanangu wa kwanza alikufa maji ziwani, kule Lipingo," Baba akajibu. "Nikashindwa kuvua tena."

Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na kaka. Klara akaandika, kisha akamshika Baba mkono, na Baba akamwacha aushike. Mimi hajawahi…

Jioni nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Hukuniuliza, mwanangu."

Basi nikamuuliza jina la kaka. Osmundi. Klara hatalipata kwangu.