Magauni ya Mama Yamepunguzwa

Jumatatu, 3 Machi
Kaka kanipa kazi. Jumapili watu wakikusanyika kumkumbuka Mama, mimi ndiye nisimame nieleze maisha yake. Eti mimi ndiye mwenye mdomo! Niseme nini? Kwamba alishona nguo za nusu ya mtaa huku pini zimejaa kinywani, na bado aliweza kunigombeza? Kwamba alikupima mara moja tu, mwaka unaofuata anakutazama na kusema, wewe umenenepa kiunoni? Wajukuu akiwajaribishia nguo aliwatekenya mpaka wanalia kwa kucheka. Sisi wanawe hatukutekenywa. Tulichomwa na pini tu.
Nimemkumbuka mpaka nimelia juu ya sinki.

Jumatano, 5 Machi
Tumepanga nguo za Mama, mimi na wifi, mke wa kaka. Nikasema Jumapili navaa lile gauni la buluu. Niliwahi kuliazima, likanikaa sawasawa. Leo limegoma! Zipu haipandi. La kijani vilevile. Nikaligeuza ndani nje - limepunguzwa ubavuni. Tena si mara moja. Mstari wa mshono, pembeni mwingine, pembeni mwingine, kila mmoja umeingia ndani zaidi.
Wifi ni mwembamba. Wifi ndiye aliyebaki na ufunguo wa chumba. Sihitaji kuambiwa.
Nikamuuliza, ndiyo umeshaanza kujirithisha? Akanitazama kama nimemtemea mate. Akasema yeye hata kifungo hajui kushona, nikamuulize binti yangu. Kisha akauma maneno, akatoka.
Kwa nini binti yangu?

Ijumaa, 7 Machi
Wananificha kitu. Wote! Kaka nikimpigia ana haraka. Binti yangu nikiingia sebuleni anageuza simu kifudifudi.
Nimezikagua tena zile nguo. Mishono ya kwanza ni ya Mama, imenyooka. Wa mwisho umepinda, uzi umejaa mafundo. Mkono wa mwanafunzi. Na Mama alikuwa bado hai! Gauni la kijani alilivaa mwenyewe tulipokula wote mara ya mwisho, likamkaa kama kazaliwa nalo. Nikamsifu. Nikamwambia, Mama, wewe huzeeki. Akacheka, akanisema kwa kutia sukari nyingi kwenye chai.
Alikuwa anakonda. Anakonda, na nguo zinamfuata, nisione.
"Ghafla" - ndivyo walivyoniambia alipofariki. Ghafla kwa nani?

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweka binti yangu kitako. Hakuzungusha. Bibi aliugua karibu mwaka mzima. Mikono ilipoanza kumtetemeka, yeye ndiye aliyekaa kwenye cherehani, Bibi akimwelekeza kutoka kitandani na kumwita mshona magunia. Kaka alijua. Wifi alijua, ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Na mimi nilimwita mwizi!
Mimi peke yangu nilifichwa. Mtoto wake wa kike wa pekee, niliyekwenda kwake kila Jumapili.
Nikapandwa na hasira. Nimesema maneno ambayo hata hapa siyaandiki. Kwani mimi nilikuwa mtu baki? Bibi yako hakuniamini?
Akangoja nimalize. Akasema, Bibi alichoka na waliojua. Kila aliyejua alianza kumwongelesha polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Wewe tu, Mama, ulikuwa unaingia na kelele zako, mnagombana mpaka chai inapoa. Bibi akasema abaki japo mmoja wa kugombana naye kama mzima.
Nimelia, nimecheka. Hayo ni maneno yake kabisa! Nimeyaandika kwenye karatasi, kesho nitayasema mbele ya watu wote. Hayo tu yanatosha.

Halafu machale yakanicheza. Huyu mtoto ananijua. Tangu mdogo anajua jambo gani aniambie nikipandwa, nishuke. Na hayo maneno yamenikaa vizuri mno.
Yuko jikoni, anaosha vyombo. Nimemwita kutoka hapa mezani: Bibi alisema hivyo kweli, au umenitungia?
Amechungulia mlangoni, mikono ina povu: kwani ukijua, kesho hutayasema?