Zamu Yangu ya Video

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo zamu yangu. Hamadi amepiga video saa kumi na moja kamili, toka Bafwasende, kwa ile tablet yake mupya. Miezi mbili sasa iko kule, anauzisha pagne za kitenge kwa wachimbaji ya dhahabu. Akiwa hapa Kisangani analala siku moja kwangu, Tshopo, siku moja kwa Aïcha, bibi yake ya pili, Kabondo. Akisafiri, zamu inahamia kwa simu. Mimi leo, Aïcha mbanda wangu kesho. Ni yeye mwenyewe aliapa hivyo mbele ya wazee, siku alioa ule mutoto.

Mutoto kabisa! Mimi ananiita yaya, dada mukubwa, na ile sauti tamu. Mutoto huyo anamuita bwana yetu chéri, mupenzi, mbele ya watu. Mimi miaka kumi na nane namuita Papa Rachidi. Sasa nianze chéri na hizi mvi? Bon.

Kesho siku ya Aïcha. Sitaki hata kufikiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Amenipigia! Siku ya Aïcha! Eti amenikumbuka, roho imekataa kungoja mupaka kesho. Lakini nisimuambie Aïcha, ataumia. Mimi nimuambie? Nimecheka peke yangu jikoni mupaka lituma ya ndizi ikaungua chini ya sufuria.

Réseau tu, mtandao wa kule, ndiyo mubaya. Kila mara sura yake inasimama, mudomo wazi, sauti hakuna. Halafu anarudi: pardon, réseau.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tena siku ya Aïcha, tena mimi. Nimevaa kitambaa ya kijani, ameisifu. Sura yake ikasimama. Akarudi, akaniuliza: na jino, ingali inauma?

Jino gani? Meno yangu yote mazima! Akasema amechanganya, ni mutu wa kule kwa kazi.

Sawa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeenda soko. Nani iko pale kwa mama wa samaki? Aïcha. Shavu imevimba, kitambaa imefungwa toka kidevu mupaka juu ya kichwa. Nikamuuliza pole-pole, nini tena, mudogo wangu? Jino, yaya, tangu juzi.

Damu ikanipanda. Hata samaki sikununua.

Nikapita kwa jirani yangu Philomène, mwalimu. Naye iko na tablet. Nimemukuta anaangalia film upande wa juu, na chini anaongea video na dada yake wa Kinshasa. Kioo moja, mambo mbili! Akanionyesha ule mustari wa katikati: unauvuta na kidole, huyu anakuwa mukubwa, ule anakuwa mudogo. Nikauliza kama mutu anaweza kuongea video na watu wawili hivyo. Akasema anaweza kujaribu, lakini camera ni moja. Ukigusa huku, kule sura inasimama, sauti inapotea. Weye unataka kuongea na nani na nani?

Hakuna mutu, nikasema.

Réseau! Réseau ya Bafwasende iko muzima kabisa! Na mimi nilidhani naiba zamu ya Aïcha. Kumbe hata Jumatatu, siku yangu, nilikuwa nusu ya kioo. Nusu gani? Mustari anauvuta kwa nani? Niko na wivu, naandika wazi. Hata chakula sikuonja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, mupaka Kabondo. Mwenye baiskeli ananyonga, mimi nyuma napanga matusi. Nimeingia, nimeyatoa yote, nikiwa nimesimama. Aïcha akakaa chini, akalia. Anasema Hamadi anamupigia kila siku, hata siku yangu. Eti roho imekataa kungoja mupaka kesho. Eti asiniambie, nitaumia.

Maneno yaleyale! Hata maneno yangu mwenyewe hakunitafutia.

Bon. Tumekaa kwa mukeka yake, bega kwa bega, kila mutu na simu yake na écouteurs kwa masikio. Saa kumi na moja. Yake imelia kwanza. Yake kwanza! Halafu yangu.

Akaniambia: Mama Rachidi, umeshinda je? Kwa simu ya Aïcha akasimama, mudomo wazi. Akageukia Aïcha. Kwangu akasimama. Aka! Nimeona na macho yangu. Aïcha akanifinya paja, tukafunga midomo na mikono tusicheke. Mimi na mbanda wangu, tunacheka!

Halafu kwa Aïcha naye akasimama. Kwangu hakurudi.

Umegusa kitu? Hapana, yaya. Na weye? Hapana.

Kitabu hii ilikuwa ndani ya sac yangu ya begani, naandika hapahapa. Dakika kumi sasa. Simu hazikukatika. Hamadi wawili mbele yetu. Kwangu mudomo wazi. Kwa Aïcha anacheka, macho iko pembeni, kwa mutu wa tatu.

Aïcha ameshika mukono wangu wa kushoto, hauachi. Yaya, ananiambia, labda leo ni réseau kweli.