Vigumba vya Orrin

Jumapili, 10 Septemba 2023

Vigumba vingine, ncha za mishale ya kuwindia, vimekuja kwa posta. Paketi ya nne! Meza yangu ya jikoni imegeuka duka — vya makali matatu, vya makali mawili, vya kukunjuka ambavyo hufungua mbawa vikishagusa ngozi. Orrin, mume wangu, kavipanga vyote kwa mkono wake wa kulia, ule mzima, na hataki nivisogeze. Kifungua kinywa nimekula nimesimama.

Ahadi ni yake, sikumlazimisha. Aliitoa mbele ya Janelle, binti yetu: akiangusha kulungu mmoja tu wa mwisho, kwa mkono wake, kwenye shamba hili la baba yake, tutahama. Nyumba yenyewe ipo mjini Grand Rapids, haina ngazi, dakika kumi kutoka kwa Janelle. Wenyewe wanangoja jibu hadi tarehe 15 Novemba. Msimu wa kuwinda kwa pinde unaisha tarehe 14. Bunduki daktari kaikataza, mshindo wake na ile mashine ya moyo aliyowekwa kifuani havipatani. Kwa hiyo ni upinde wa kufyatua kwa kidole kama bunduki, au tubaki hapa.

Majira matatu ya baridi tangu apate kiharusi. Theluji ikishafunga barabara yetu, naongea na redio. Ya nne siwezi. Nimeandika hapa ili nisijifanye sikusema: siwezi.

Jumamosi, 16 Septemba

Leo tumejaribu. "Tumejaribu" — mimi nazungusha mkono wa kuvutia uzi, mimi nalenga, mimi naifuata mishale. Yeye yuko barazani na darubini, anatoa amri.

Kwa ncha za mazoezi, zile butu, mishale mitatu imeingia mahali pa kisahani cha chai. Nikafunga vigumba vya makali matatu — yote ikaenda kulia, upana wa kiganja! Orrin anasema makali hushika upepo, kila aina ina tabia yake. Ukibadilisha kigumba, unaanza upya kurekebisha. Nimekwenda kwenye shabaha na kurudi mara kumi na nane. Goti linawaka.

Duane, jirani yetu, akapita, akaegemea gari lake.

"Verna, hivyo vya kukunjuka ni miavuli! Bora ungoje mvua."

Orrin akacheka. Alicheka kweli! Sijui lini mara ya mwisho.

"Na huo si upinde," Duane akaendelea, "hiyo ni bunduki iliyosahau baruti. Mzee, mwaka huu pindo lako nalikata."

Kwenye banda la Duane wamepigilia ukutani mapindo ya mashati ya kila aliyewahi kumkosa kulungu, jina na mwaka kwa wino. La Orrin halipo. Miaka arobaini na minne ya kuwinda! Kicheko kikakatika hapo hapo.

Jambo moja ambalo sitamwambia mtu: nina shabaha nzuri. Nilijisikia vizuri sana pale uwanjani.

Jumatano, 27 Septemba

Kachagua! Makali matatu, yasiyokunjuka, vile vizito. Alikipitisha kimoja kwenye vinyweleo vya mkono wake uliolala, kikanyoa. "Hiki," akasema. Nimempigia Janelle. Nimeokota maboksi matupu dukani, nimeanza na sahani za wageni.

Baada ya chakula: "Verna, vile vinapiga mluzi hewani. Kulungu atasikia."

Kulungu gani huyo mwenye masikio ya mkaguzi wa kodi! Nimezirudisha sahani kabatini. Nilizirudisha kwa kelele.

Jumapili, 1 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Hatukwenda. Anangoja paketi ya tano.

Alhamisi, 19 Oktoba

Ya tano nayo hapana. Mvua tangu Jumatatu. Uji wake, dawa za asubuhi, kumwogesha, dawa za mchana, miguu yake juu ya mto, dawa za jioni. Nimehesabu: siku kumi na moja sijavuka geti.

Nikamuuliza waziwazi, unaogopa kukosa? Kasema anaogopa kujeruhi. Mwaka wa 98 alimpiga kulungu jike tumboni, akamtafuta kinamasini siku mbili asimpate. Hiyo ni kweli, suruali niliifua mimi, na usiku alikuwa halali. Nikaona haya.

Lakini haya haifungi maboksi.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimechagua mimi. Vya makali matatu, vya mluzi wake huo. Nimerekebisha upinde, nimepiga mishale sita, yote mahali pake. Nikamwonyesha. "Sawa," akasema. Sawa tu! Tunakwenda Jumanne.

Jumanne, 7 Novemba

Naandika haraka, maandishi mabaya.

Tulifika kwenye kibanda chake cha kuvizia saa tisa. Nimemkalisha, nikavuta uzi, nikaweka mshale wenye kigumba nilichokifunga mwenyewe, nikahakikisha kitasa cha usalama. Kisha nikaenda kuficha kigari kilichotuleta nyuma ya miti. Dakika tano. Labda saba.

Saa kumi na nusu likatoka dume la pembe nane. Peke yake. Likasimama ubavu wote kwetu, hatua ishirini! Hata mtoto angelipiga. Nikamgusa goti. Hakufanya kitu. Likala, likainua kichwa, likala tena, likaondoka kwa raha zake kama mwenye shamba.

"Mwanga haukutosha," akasema. Mwanga ulitosha kusoma gazeti.

Sasa, upinde huu ukishavutwa haurudi wenyewe, sharti ufyatuliwe. Ukimaliza siku bila kupiga, unatoa mshale wa kuwindia, unaweka wa mazoezi, unaupiga ardhini. Nikautoa mshale. Mbele ya mshale — ncha butu! Ya mazoezi!

Kigumba nilikikuta nyumbani, mfukoni mwa koti lake, kimefungwa ndani ya leso. Ameubana mshale kwa magoti akakifungua kwa mkono mmoja, akafunga ile ncha nyingine. Mtu ambaye vifungo vya shati namfungia mimi!

Angeweza tu kutopiga. Ila anajijua: dume likisimama pale, kidole kingemshinda, angepiga. Kwa hiyo akajiwekea mshale asioweza kuupiga, maana ncha butu hujeruhi tu.

Hataki kuhama. Paketi zote tano, mluzi, upepo — hataki kuhama, basi. Nilikaa chooni nikalia, bomba likiwa wazi asisikie.

Jumatano, 8 Novemba

Sijasema. Hajasema. Tumekunywa supu.

Jumamosi, 11 Novemba

Janelle kwenye simu: "Mama, basi weka sahihi wewe. Utamwambia baadaye."

Nikasema ahadi ni ahadi, ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga. Tutakwenda kibandani siku ya mwisho, na safari hii sitoki.

"Mama, unaongea kama unamwinda yeye."

Nikakata simu. Kumbe nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 14 Novemba

Kibandani. Saa kumi na dakika ishirini. Daftari liko mapajani, chini ya glovu. Kigari nimekiacha mlangoni, kama kulungu wanakiona na wakione. Mshale nimeuweka mimi, kigumba kipo, macho yangu hayajatoka hapo tangu saa nane.

Baridi. Kalamu inagoma.

Saa kumi na dakika thelathini na tano. Kwa mara ya kwanza kazungumza, bila kunitazama.

"Ulikiona kwenye koti."

"Nilikiona."

"Kule mjini, Verna, nitakaa dirishani naangalia magari ya watu."

"Na mimi hapa naangalia nini?" nikamuuliza. Miaka mitatu nilitaka kumuuliza hivyo.

Ndevu zake zimeota upande mmoja, asubuhi sikumnyoa vizuri.

Saa kumi na dakika arobaini na nane. Limekuja! Lile lile. Pembe nane. Hatua ishirini na tano, linakula, halina habari. Bado mwanga upo wa kutosha. Orrin kaweka shavu kwenye upinde, kaondoa kitasa mwenyewe. Kidole kipo. Mkono wake umetulia kabisa.

Ananong'ona, "Sema wewe. Ukisema piga, napiga. Kesho uwapigie simu wenye nyumba."

Limegeuka. Ubavu wote.

Neno lenyewe ni fupi. Nimelibeba tangu Septemba. Nikilisema, ni mimi nimemtoa kwenye shamba la baba yake.

"Verna?"

Naandika ili nisimjibu. Linainua kichwa. Kaniuliza tena.