Mzee kwenye simu ya Dubai

Anneth, ngoja nikusimulie ya leo.

Si unajua tunatafuta fleti ya bei nafuu Dubai, yenye jiko, tujipikie tusile hotelini? Leo mchana nikampigia video mwenye fleti, yule dada wa Tanga, atuone atupangie vitanda.

Tulikuwa mezani, mimi, mama na mdogo wangu Derick. Kiti cha baba kitupu kama kawaida. Tangu tumzike hakuna anayekikalia, na mkongojo wa goti lake bovu umeegemea palepale.

Dada akasema, "Ni ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Huyo mzee pembeni ya mama ataziweza ngazi?"

Anneth. MZEE GANI??

Derick kaangusha kijiko.

Mama wala hakushtuka. Akajibu, "Ataziweza. Goti lilishapona."