Nafasi Iliyoachwa Wazi

Kangemi, Nairobi
Jumapili, 10 Juni 1973

Dada yangu Khamisa,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba goti lako linakuruhusu kupanda ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni huko pwani bila kumlaani fundi aliyezijenga. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Juni inatutafuna. Mishi anakusalimu, tumbo limekua, na anasema mtoto ana mateke ya mshambuliaji. Halua uliyotutumia ilifika, nusu yake. Nusu ya pili muulize uliyempa atuletee.

Bila shaka umesikia redioni kwamba mji wetu umetajwa kuwa wa kwanza nchini kwa usafi na kupendeza. Ni kazi ya ofisi yetu, Kamati ya Kupendezesha Mji. Tulipanda maua katikati ya barabara kuu, miche tukiiomba kwa matajiri wa Kitisuru, na mawe ya kandokando tukayapaka chokaa. Nami nimepewa cheti chenye jina langu, Mishi amekitundika sebuleni. Naomba usinipongeze. Tangu kiingie nyumbani sina raha, dada; nikisikia hodi tu nachungulia dirishani kwanza.

Mama Virginia unamjua kwa barua zangu. Ndiye jirani yetu aliyempeleka Mishi hospitali mimba ilipotaka kuharibika, akamshika mkono hadi daktari alipokuja. Mjini alikuwa na kibanda cha chai uchochoroni, nyuma ya maduka ya vitambaa, mahali ambapo hupaoni mpaka uonyeshwe. Miaka minne nimekunywa chai pale. Waamuzi wa shindano hilo la usafi walipokaribia kuja, mkubwa wetu Bwana Thuo alitaka orodha ya vibanda vyote vya vichochoroni, vibomolewe. Niliviandika vyote isipokuwa kimoja.

Lakini unanijua, kichwa changu sikiamini. Nyuma ya daftari langu niliandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa chuoni tukisoma Kurani: kibanda cha Mama Virginia, nyuma ya duka la vitambaa, kisitajwe. Huku bara nani angesoma? Nikajiona mjanja. Wiki ileile ofisi ikaajiri karani mpya, Idarus, mtu wa makamo kutoka Lamu, ambaye kazi yake ni kufungua barua zinazoingia na kumsomea Bwana Thuo kwa sauti. Akaliona daftari mezani, akafurahi kukuta mwandiko wa kwao, akausoma ofisi nzima ikasikia. Hakuwa na nia mbaya maskini. Alipofika kwenye “kisitajwe”, alikwisha kukitaja.

Ningeweza kusema kibanda kile kilishafungwa. Bwana Thuo hakunigombeza hata kidogo, aliniuliza tu kama ninaipenda kazi yangu. Nikajibu naipenda. Akasema basi, nikawaonyeshe vibarua njia.

Hili sijamwambia mtu, dada. Ni mimi niliyewapeleka. Nilisimama penye kona, nikanyoosha kidole, nikageuza uso. Nikasikia mabati yanang’olewa, kisha mayowe. Sufuria ya maji ya moto ilimmwagikia Mama Virginia mkono wa kulia, uleule aliomshikia Mishi. Ni mwezi wa pili sasa na vidole havikunjiki. Mimi nilirudi ofisini nikamaliza orodha.

Jana alikuja kwetu, akaketi chini ya kile cheti. Alitaka nimwandikie barua ya malalamiko kwa Kamati, maana hakusoma. Akaniambia, “Wewe Munir ni mtu ya ofisi, andika tu vile nakwambia.” Nikaandika. Alipofika kwenye shahidi wake akanitaja mimi, mtu mkweli. Nikaiweka kalamu chini nikasugua vidole, naye akadhani ni baridi, akamwambia Mishi anitilie chai. Mwisho akasema niache nafasi ya jina la mtu aliyeonyesha kibanda. Kwa kuwa niko mlemle ndani, nikimjua nilijaze. Akatia sahihi kwa dole gumba la kushoto.

Naogopa, dada. Naogopa kupoteza kazi na mtoto yuko njiani. Naogopa Mishi atakavyonitazama. Zaidi ya yote naogopa uso wa yule mama.

Leo Mishi alipotoka kwenda sokoni, nimeijaza ile nafasi. Nimeandika jina langu na la marehemu baba, kwa herufi za Kiarabu. Kwa herufi nyingine mkono ulikataa. Mama Virginia ameichukua sasa hivi. Ameuliza yale maandishi ya kukunjamana ni nini, nikamwambia ndilo jina. Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu. Kesho asubuhi anaipeleka mwenyewe ofisini kwetu, na atasubiri palepale mpaka isomwe. Barua itafunguliwa na Idarus, na Idarus husoma kwa sauti.

Wasalimie wanao wote, na jirani yako Bi Mabruka umwambie aniombee dua, bila kumweleza sababu. Na kile kitanda changu cha zamani, dada, usimpe mtu.

Mdogo wako,
Munir