Mshumaa wa Genival

Cachoeira, 12 Aprili 2004

Mwanangu Edmilson,

Mungu akubariki. U mzima? Unakula? Mimi sijambo, goti tu linanisumbua.

Naambiwa kazi yako ya kutembeza wageni inakupitisha kila Jumatatu kwenye lile kanisa la mtaa wa Liberdade, watu wanakowashia roho za wafu mishumaa. Basi nina ombi. Mwashie kaka yako Genival. Mwaka wa kumi na moja huu tangu aende huko São Paulo kujenga maghorofa, barua hakuna, salamu hakuna. Nikisali sijui nimtaje pamoja na wazima au pamoja na wafu. Nimechoka. Hapa kwetu siwezi kumwashia, majirani wataanza kunipa pole.

Mama yako

São Paulo, 4 Mei 2004

Mama,

Nakuomba baraka. Natumai hujambo. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia.

Nilisita wiki mbili, maana mtu akiwa hai kumwashia mshumaa wa roho ni kumvuta kaburini. Jana nikajikaza. Niliandika jina lake kwenye karatasi, nikaiweka chini ya mshumaa, kisha nikawapeleka wageni wakapige picha chini ya taa nyekundu za Wajapani wa mtaa huo. Mmoja akaniuliza, "Mizimu hutoka saa ngapi?" utadhani anaulizia basi. Tukacheka. Mwingine alikuwa amesahau kofia kanisani, tukarudi.

Mshumaa umezimwa. Karatasi haipo. Bi Iraci, anayeuza mishumaa mlangoni, akanidaka mkono: "We kijana, umemwandika nani? Kaja mwanamume mrefu, viatu vimejaa saruji. Kasoma jina, kaniambia, 'Bibi, huyu ni mimi.' Kauzima kwa vidole, kaenda zake."

Nilikimbia mpaka kituo cha treni, Mama. Sikumwona.

Mwanao

Cachoeira, 13 Mei 2004

Mwanangu,

Mungu akubariki. Tangu barua yako ifike nafua nguo ambazo ni safi.

Usijilaumu. Mkono ulikuwa wako, neno lilikuwa langu. Sijawahi kukwambia: siku tuliyomzika baba yenu, Genival alikuja amelewa chakari. Nilimzuia mlangoni nikamwambia, "Kwangu umekufa." Ndiyo maana aliondoka. Sasa neno hilo amelikuta kanisani, limeandikwa na ndugu yake. Mtafute, nakusihi.

Mama yako

São Paulo, 25 Mei 2004

Mama,

Nakuomba baraka, na nijibu upesi kama u mzima.

Jumatatu mbili nilishinda pale kanisani, wageni wakanung'unika weee. Jana nilichelewa kidogo tu. Bi Iraci akanipokea kwa macho mekundu: "Karudi yule wako. Kawasha, kapiga magoti, kalia mpaka na mimi nikalia." Nikaenda kuangalia. Chini ya mshumaa kulikuwa na karatasi, nami nainakili kama ilivyo: "Kwa roho ya mama yangu Zulmira. Angekuwa hai asingekubali niwashiwe. Nisamehe, Mama."

Nilitaka kuuzima, mkono ukakataa. Nawaeleza wageni habari za mizimu kila wiki wala sishtuki. Lakini nilipoliona jina lako pale, Mama, niliwaacha wageni mlangoni nikaenda zangu.

Mwanao

Cachoeira, 2 Juni 2004

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi ni mzima, acha kutetemeka.

Mshumaa huo usiuzime. Ukiisha washa mwingine, na jina langu liandike kwa herufi kubwa. Nimekata tiketi ya basi. Jumatatu, tarehe 14, kanisa likifunguliwa tu, nitasimama mbele ya jina langu nimngoje mpaka aje. Nawe wapeleke wageni wako kwingine, haya si ya kupigwa picha.

Najua atanidhania mzuka. Akitaka kukimbia, Bi Iraci afunge mlango. Nitamshika uso kwa mikono yangu miwili, asikie kwamba ina joto. Kisha nitamwambia nilikosa, nitamwambia mbele ya wafu wote wa kanisa hilo, na twende nyumbani.

Mama yenu